Queen II (1974): mbona albamu hii haipewi heshima yake?

Kijana_wa_Kinondoni

Wakuu habari zenu. Kuna ubishi ulianza kwenye grupu letu la wapenda muziki wa zamani ukafika pabaya, nikaona bora niulete huku kwa watu wanaosikiliza rock kwa kina. Nilisema Queen II, ile ya Machi 1974, ndo albamu bora ya Queen, ile bendi ya rock ya Uingereza, kuliko hata A Night at the Opera yao, aisee nilishambuliwa kama nimetukana mtu. Jamaa mmoja anasema ile ni albamu ya mazoezi tu, ina hiti moja, bila Seven Seas of Rhye hakuna mtu angeikumbuka. Mwingine anasema hajawahi kuimaliza, akifika katikati anaruka. Ninachoshangaa watu haohao Bohemian Rhapsody wanaijua neno kwa neno, na ile picha ya vichwa vinne gizani wanaiweka kwenye profaili zao, na hawajui kama hiyo picha asili yake ni kava la Queen II, ilipigwa na mpiga picha Mick Rock, video ya Bohemian Rhapsody mwaka 1975 ikaja kuirudia.

Sasa naomba hoja. Mnaoipenda mnaitetea vipi? Na msioipenda semeni tatizo liko wapi hasa, ila sio "haina hiti" maana hiyo nimeshaisikia mpaka basi. Kinachoniuma mimi ni kwamba mwimbaji wao Freddie Mercury ni mtoto wa Unguja, nusu nzima ya hii albamu katunga yeye peke yake, na sisi huku tunamjua kwa nyimbo mbili tatu zinazopigwa viwanjani timu ikichukua kombe.

mzee_wa_santuri

Kijana umegusa penyewe. Mimi naanza na namna ya kuisikiliza, kwa sababu naamini nusu ya wanaoiponda hawajawahi kuisikia ilivyokusudiwa.

Hii albamu haina upande A na upande B. Ina upande Mweupe na upande Mweusi. Mweupe una nyimbo 5, 4 za mpiga gitaa Brian May na 1 ya mpiga ngoma Roger Taylor. Mweusi una nyimbo 6 na zote za Freddie. Mpiga besi John Deacon alikuwa bado hajaanza kuchangia utunzi. Kwahiyo ni watu tofauti wenye vichwa tofauti wamegawiwa kila mmoja uwanja wake, halafu ukigeuza santuri unaingia dunia nyingine kabisa. Ukiweka kwenye simu ukabonyeza changanya nyimbo, umeshaiua. Unapata Nevermore peke yake, wimbo wa dakika moja na kidogo wa piano, unajiuliza huu nao wimbo gani mbona umeisha. Lakini pale ulipowekwa, baada ya fujo yote ya Fairy Feller na kabla ya March of the Black Queen, ndo unapata pa kuvuta pumzi.

Nikueleze upande Mweusi unavyokwenda. Ogre Battle inaanza na mwisho wake, yaani wamechukua mwisho wa wimbo wakaugeuza kanda ukapigwa kinyumenyume, sauti zinakuja kwa kuvutwa, zinapanda, halafu gitaa linakatiza wimbo unaanza. Ukifika mwisho unausikia ule mwanzo ukiwa sasa umekaa sawa. Inalia gongo, na hapohapo hapsikodi, kile kinanda cha zamani cha nyuzi, imeshaingia, ni Freddie mwenyewe anaipiga, uko kwenye Fairy Feller's Master-Stroke. Hakuna pumziko. Hiyo inatua kwenye Nevermore, Nevermore inakupeleka kwenye March, na March inamalizikia kwa kupanda ikatumbukia moja kwa moja kwenye Funny How Love Is. Mtu anaposema haielewi kwa sababu kasikia wimbo mmoja katikati ya tangazo la biskuti na tangazo la vocha, mimi simlaumu, ila asiseme albamu mbaya.

Na tarehe ziangaliwe vizuri. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa saa za kuokoteza, pale Trident Studios, Soho, London, wanaingia wateja wanaolipa wakishatoka. Ikakaa kabatini mpaka Julai 1973. Mwezi uliofuata tu, Agosti 1973, wameingia tena Trident na safari hii wamedai muda wao kamili, pamoja na prodyuza Roy Thomas Baker, na prodyuza mwingine Robin Cable kwenye nyimbo mbili. Queen II ndo mara ya kwanza hawa watu wamepewa studio wakaambiwa fanyeni mnachotaka. Wakafanya kila walichokuwa wamekibana miaka miwili mitatu. Ndo maana imejaa vile.

nyuzi_sita

Mzee shikamoo, umemaliza upande wa Freddie, mimi niseme gitaa maana ndo fani yangu.

Watu wanaanza kusikiliza Queen II wanasikia ule wimbo wa kwanza, Procession, wanadhani ni kinanda au ni bendi ya tarumbeta imerekodiwa kwa mbali. Ni gitaa. Gitaa tupu. Brian May karekodi Red Special, lile gitaa alilolitengeneza na baba yake nyumbani kuanzia 1963, sauti moja, kaongeza ya pili juu yake, ya tatu, mpaka ikawa kwaya ya magitaa. Na nyingi kati ya hizo sauti zimepita kwenye kile kiamplifaya kidogo alichokiunga John Deacon kwa bodi ya umeme aliyoiokota kwenye takataka, spika yake ndogo tu, hakina hata swichi ya sauti. Mimi nafundisha vijana gitaa, kila akija mtu ananiambia hawezi kupata sauti nzuri bila amplifaya ya milioni mbili namuwekea Procession.

Ndo maana waliandika kwenye kava kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza. Walikuwa wanajua watu watadhani.

Kingine, White Queen. Pale katikati kuna gitaa linalia kama sitar ya Kihindi, linavuma, halitulii. Hiyo sio sitar. Ni gitaa la kawaida la akustiki, la bei rahisi, jamaa kachezea ile sehemu nyuzi zinapokalia kule chini mpaka nyuzi zikawa zinagusa chuma kidogo na kutetema. Ukivaa hedifoni unausikia ule mtetemo unavyobaki nyuma ya kila noti. Sasa mtu aniambie hiyo ni albamu ya mazoezi. Wimbo wenyewe aliutunga mwaka 1968 akiwa mwanafunzi, Queen haijakuwepo, akautunza mpaka akapata studio ya kuufanya anavyotaka.

Na haya yote kwenye mashine ya treki 16, yaani njia 16 tu za kurekodia sauti. Bohemian Rhapsody walipata 24. Kwahiyo kila zile sauti zikijaa ilibidi wazimiminie kwenye treki moja au mbili wapate nafasi ya kuanza upya, na ukishazichanganya huwezi kurudi nyuma kuzitenganisha, ukikosea umekosea.

Msema_Kweli_Mwanza

Mimi niko upande wa pili na nitasema kwa heshima.

Nimeisikiliza Queen II nzima, kwa mpangilio, sio kwa kuruka. Upande Mweusi nakubali ni kazi kubwa. Ila upande Mweupe unapooza. Baada ya Father to Son unakuja White Queen ambao ni wa taratibu, halafu Some Day One Day wa taratibu zaidi na anaimba Brian, sauti yake nyembamba, unakaa na Freddie Mercury kwenye bendi unamwacha asimame pembeni. Alafu The Loser in the End, samahani, ule haukustahili kuwepo. Pili, huyo nyuzi_sita ameeleza kwa nini sauti imebanana bila kukusudia. Kumimina kanda juu ya kanda kunaua ubora. Ngoma za Roger kwenye March zimefunikwa, besi ya Deacon kuna mahali unaitafuta. Sheer Heart Attack imetoka Novemba mwaka huohuo 1974, miezi minane tu baadae, na pale kila chombo unakisikia, nyimbo fupi, zimepangika, Killer Queen imo. Kama Queen II ilikuwa ndo kilele, mbona wao wenyewe waliiacha njia hiyo haraka hivyo?

rokaNairobi

Niaje wasee. Msema Kweli nakuheshimu lakini kwa Loser in the End sikubali, na hii ni hoja sijawahi ona mtu akiitoa.

Angalia vile upande Mweupe umepangwa. Ukiacha Procession ambayo ni gitaa tupu, unaanza na Father to Son, baba anaongea na kijana wake, anampa maneno ambayo yeye pia aliyapokea, anamwambia hata kama huelewi saa hii shika tu. Unaisha na Loser in the End, na huo ni wimbo wa mama. Kijana ameondoka nyumbani, amepata maisha yake, na aliyepoteza ni mama ambaye alifanya kila kitu. Baba pale mwanzo, mama pale mwisho, na katikati kuna mwanamke wa White Queen ambaye hafikiki na mapenzi ya Some Day One Day ambayo bado ni ahadi. Brian na Roger hata kama hawakukaa chini wapange hivyo, vile nyimbo zimewekwa inafanya kazi. Mimi niliskia huo wimbo wa Roger nikiwa nimetoka kwetu Nyeri kuja kutafuta kazi, mamangu akinipigia simu kila jioni nikisema nitapiga baadae. Siwezi sikia mtu akisema haustahili.

Na zile ngoma za mwanzo manze! Hapo ngoma haijafunikwa na kitu, Roger amejiachia nafasi yote.

Kuhusu sauti ya Brian, Some Day One Day ndio mara ya kwanza anaongoza wimbo kwa rekodi ya Queen. Ni sauti ya mtu anayejificha kidogo na wimbo ni wa mtu anayeogopa kusema. Freddie angeuimba angeushinda nguvu. Pale mwisho kuna magitaa matatu, kila moja linaenda njia yake, hayapigi kitu kimoja, na bado hayagongani. Skiza tena dakika ya mwisho kaka.

BintiShangani

Assalaam alaykum. Mie niko Unguja, Mji Mkongwe hapahapa, na kila siku napita nyumba ile ya Kenyatta Road iliyofanywa makumbusho ya Freddie mwaka 2019. Wageni wanapanga foleni wanapiga picha mlangoni. Ukiwauliza unapenda wimbo gani, basi ni uleule mmoja. Sijapata kusikia mtu kataja upande Mweusi hata siku moja.

Mimi nataka kusema kitu juu ya Rhye. Watu wanauchukulia ule wimbo kuwa ni hadithi za kitoto tu, wafalme na bahari. Haya. Farrokh Bulsara kazaliwa hapa Septemba 1946, baba yake keshia wa mahakama kuu, serikali ya Muingereza, mfalme ni Sultani. Akapelekwa skuli India, Panchgani, karudi 1963. Januari 1964 yakatokea mapinduzi, Sultan Jamshid kaondoka kwa meli, na akina Bulsara nao wakahama mwaka huohuo wakenda Feltham, Uingereza. Kijana wa miaka 17. Miaka kumi baadae yuko London anatunga habari za nchi ya bahari saba iitwayo Rhye, na kwenye albamu iliyofuata, ule wimbo mfupi wa Lily of the Valley, mjumbe anakwenda kumwambia mfalme wa Rhye kwamba kiti kishamtoka. Mie nikiisikia hiyo mwili unanisisimka. Hakuwahi kusema kuwa ndiyo Zanzibar na mie sisemi kuwa ndiyo. Nasema mtu aliyeona mfalme akiondoka na dunia yake yote ikageuka kwa usiku mmoja, akitunga nchi ya kubuni, msimwambie anacheza.

Na ndiyo maana naona Queen II ni yake zaidi kuliko zote. Kwenye hizo nyengine kubwa anakuwa mjanja, anachekesha, anajua watu wanamtazama. Hapa bado hajawa nyota. Anaamini kila jini na kila malkia anayemuimba.

mzee_wa_santuri

Dada yangu BintiShangani umenipa kitu cha kufikiri. Mimi kila siku nilikuwa naisoma Rhye kama jina la kubuni basi.

Niongeze kwa hoja yako ya kuamini. Fairy Feller's Master-Stroke ni picha ya kuchora, ipo makumbusho ya sanaa ya Tate, London, mpaka leo, ya Richard Dadd. Huyu Dadd alimuua baba yake mwaka 1843 akiwa amerukwa na akili, akafungiwa hospitali ya Bethlem, na akiwa humo akaichora hii picha kwa karibu miaka 9 na hakuimaliza. Kapicha kenyewe kadogo, hata sentimita 60 hakafiki kwa urefu, lakini kamejaa viumbe vidogovidogo kila kona, majani, vibibi, askari, mpaka macho yanachoka. Sasa sikiliza Freddie alivyofanya. Maneno ya wimbo ni kuwataja wale viumbe mmojammoja, huyu kakaa hapa, huyu anafanya hivi, na muziki nao umejazwa hivyohivyo, sauti zinatokea kushoto zinahamia kulia, hapsikodi inakimbia, hakuna sehemu tupu. Msema Kweli anasema imebanana. Kaka, picha imebanana! Angeurekodi kwa nafasi na hewa asingekuwa anaiimba picha ile.

Na swali lake kwamba mbona waliacha njia hiyo, jibu ni kwamba hawakuiacha. Sikiliza March of the Black Queen, dakika sita na nusu, piano peke yake, kwaya, rock nzito, sehemu ya upole kabisa inayokaribia kulia, halafu mwisho wa kasi, na kuna mahali mapigo mawili tofauti yanakwenda kwa wakati mmoja. Mwaka mmoja na nusu baadae ndo Bohemian Rhapsody. Vipande vilevile, kavipunguza kavipanga. Mie naona March ni kubwa zaidi kwa sababu haikupunguzwa. Jukwaani hawakuwahi hata kuipiga nzima, walichukua kipande wakakiweka kwenye mchanganyiko wa nyimbo, ilikuwa haiwezekani kwa watu wanne.

Waandishi wa London wengi waliiponda ilipotoka, walitaka rock ya jasho na jinzi. Wanunuzi hawakuwasikiliza, ilifika namba 5 Uingereza. Na ile hiti moja mnayoidharau nayo ilipata bahati yake, Februari 1974 David Bowie alikosekana kwenye kipindi cha TV cha Top of the Pops wakaitwa Queen kuziba nafasi, Seven Seas of Rhye ikapanda mpaka namba 10. Marekani ilifika 49 tu, lakini kuna vijana waliinunua kule wakakua nayo. Axl Rose wa Guns N' Roses amewahi kuitaja Queen II kuwa ndo anayoipenda, na ndo huyohuyo aliyepanda jukwaa la Wembley Aprili 1992 kwenye tamasha la kumuenzi Freddie.

Msema_Kweli_Mwanza

Hoja ya picha nimeipokea, hiyo ni nzito na nitaisikiliza huku naiangalia hiyo picha. Ya baba na mama pia imenigusa, roka hongera.

Kwenye Some Day One Day mtaniwia radhi, bado naona ingekaa vizuri kwenye upande B wa singo. Na Funny How Love Is hakuna aliyeitetea mpaka sasa mmeona wenyewe.

rokaNairobi

Funny How Love Is naitetea mimi! Huyo Robin Cable alikuwa anapenda ile staili ya prodyuza Phil Spector, kila chombo kinapigwa kwa wingi mpaka kinakuwa ukuta. Freddie anaimba juu kabisa, karibu apasuke, mwanzo mpaka mwisho, hapumziki. Baada ya giza lote la March, hiyo ndio mtu ametoka nje kukiwa na jua. Iondoe halafu unganisha March na Seven Seas moja kwa moja uone vile inaumiza masikio.

Kijana_wa_Kinondoni

Wakuu mmenipa silaha zaidi ya nilizoomba, hasa ile ya Rhye na ya Dadd, naenda kuzimwaga kule grupuni leoleo. BintiShangani nikija Unguja nitakutafuta unionyeshe hiyo mitaa.

Swali la mwisho, nataka nimpe huyu jamaa anayerukaga nyimbo kitu kimoja asikilize kabla hajaiponda tena. Nimpe ipi? Ile iliyosafishwa 2011 au nitafute santuri?

nyuzi_sita

Santuri kama unaipata ikiwa haina mikwaruzo, kwa sababu itamlazimisha asikilize upande mzima. Ya 2011 ni safi na besi ya Deacon inasikika vizuri, Msema Kweli na wewe jaribu hiyo.

Ila kwa mtu mbishi mimi ningeanza na Live at the Rainbow '74, ilitoka 2014. Humo kuna shoo ya Machi 31, 1974, pale Rainbow Theatre London, albamu ina wiki tatu tu madukani. Wanaingia na Procession, inapigwa kwenye kanda ukumbi ukiwa giza, halafu Father to Son inalipuka wakiwa laivu. Ogre Battle hapo ni ya kasi kuliko ya studio. White Queen ipo, na Fairy Feller ipo, watu wanne jukwaani wanaipiga ile picha ya Dadd. Mpe hiyo kwanza, akimaliza Ogre Battle mwenyewe atakuomba albamu.